Wateja wanatolewa Wi-Fi wote kwa mpigo kila usiku: ni shambulio, ni jirani, au ni AP zenyewe?

#1 Kibo_Net
Wakuu salaam. Naomba macho ya wengi kwenye hili.

Hosteli ya ghorofa tatu, AP (vituo vya Wi-Fi) nne zenye programu ya OpenWrt, nyuma yake rauta ya MikroTik inayouza vocha. Mtandao wa vocha uko wazi, hauna nywila. Mteja anaingiza vocha kwenye ukurasa wa kuingilia. Kuna mtandao wa pili wa ofisi, huo una WPA2. AP1 iko chaneli 1, AP2 chaneli 6, AP3 chaneli 11, AP4 imerudia chaneli 1. Upande wa 5 GHz ziko 36, 52, 100 na 44 kwa mpangilio huohuo.

Kati ya saa mbili na saa tano usiku wateja wanatoka wote kwa mpigo, wanarudi baada ya sekunde chache, wanatoka tena. Intaneti haikatiki, ping ya kutoka rauta kwenda nje ni safi. Nikatega adapta chaneli 6 ikiwa hali ya monita (inasikiliza kila kinachopita hewani), nikachuja fremu za kukata, yaani ujumbe wa kumtoa mteja, zile Wireshark inaziandika Deauthentication. Kipande cha AP2 hiki hapa (bikoni ni tangazo la kawaida la AP, mfuatano ni namba ya fremu, dBm ni nguvu ya mawimbi):

20:14:07.112 AP2 > wote, bikoni, mfuatano 2210, -63 dBm
20:14:07.131 AP2 > wote, kukata, sababu 7, mfuatano 17, -46 dBm
20:14:07.133 AP2 > wote, kukata, sababu 7, mfuatano 18, -46 dBm
20:14:07.135 AP2 > wote, kukata, sababu 7, mfuatano 19, -47 dBm
20:14:07.214 AP2 > wote, bikoni, mfuatano 2211, -63 dBm

Hili ni shambulio au nakimbilia kulaumu watu?

#2 Ngosha01
Kuna kijana ana ESP8266, kile kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kukatia watu, chini ya kitanda. Mods fungeni uzi tukalale.

#3 FundiMnara
Ngosha tulia. Kabla ya kumtafuta mtu, linganisha pande mbili, maana fremu ya kukata ina pande mbili na kila upande una logi yake.

Fremu ikighushiwa kwa jina la AP, simu itaandika kwamba AP imenitoa, lakini AP yenyewe haitaandika kitu, kwa sababu haikutuma chochote. Ikighushiwa kwa jina la simu, AP itaandika kwamba mteja ameaga mwenyewe, na simu haitajua imeaga lini. AP ikiwa ndiyo imetoa kweli, hostapd, programu inayoendesha Wi-Fi kwenye AP, inaandika. Ingia kwenye AP2, endesha `logread | grep hostapd`, tafuta dakika ya 20:14. Ukikuta mistari ya "deauthenticated due to inactivity" au "disconnected due to excessive missing ACKs", mshambuliaji ni mipangilio yako. Hiyo ya pili inatoka kwenye `disassoc_low_ack`, ambayo OpenWrt huja nayo ikiwa imewashwa: mteja akiwa mbali na majibu yake yakapotea mfululizo, AP inamkata. Saa mbili usiku watu wamejaa vyumbani, hewa imechafuka, majibu yanapotea.

Ila `disassoc_low_ack` inakata mmoja mmoja. Haikati wote.

#4 BintiPwani
Niongezee kwenye namba ya mfuatano maana watu wengi huisoma vibaya.

Ni namba ya biti 12, inatoka 0 hadi 4095 kisha inaanza upya. Fremu za usimamizi, bikoni zikiwemo, zinashiriki kihesabio kimoja na data ya kawaida isiyo ya QoS (isiyopangwa kwa kipaumbele). Data ya QoS ina vihesabio vyake kwa kila TID (daraja la kipaumbele). Kwa hiyo usichanganye namba za fremu za video na za bikoni ukasema umeona pengo. Pili, AP yenye mitandao miwili kwenye redio moja, baadhi ya draiva zinatumia kihesabio kimoja kwa mitandao yote, basi utaona namba zinaruka mbele mbili mbili, tatu tatu. Huko kuruka mbele si ushahidi wa lolote.

Kinachotia shaka ni namba kurudi nyuma. 2210, halafu 17, 18, 19, halafu 2211: hapo wanaongea wawili kwa jina moja. Na hiyo tofauti ya dB 17 kati ya bikoni na fremu za kukata, kwa sensa isiyohama na AP isiyohama, haielezeki kirahisi. Kutikisika kwa dB 3 hadi 5 ni kawaida, mtu akipita au mlango ukifungwa.

#5 Pakiti254
Wadau wa TZ hamjambo. Dada BintiPwani amesema vizuri, lakini kuna alama rahisi kuliko zote mbili na hakuna aliyeigusa: kasi ya fremu.

Boss, fungua Radiotap, maelezo ya redio yanayoambatana na kila fremu, uangalie fremu zilitumwa kwa Mb/s ngapi. OpenWrt ya sasa inazima kasi za zamani za 1, 2, 5.5 na 11, bikoni zako zinatoka kwa 6. Zana nyingi za kukata hurusha kwa 1 Mb/s kwenye 2.4 GHz bila kuuliza. AP isiyo na ruhusa ya kutumia 1 Mb/s haiwezi kutuma fremu ya kukata kwa 1 Mb/s. Hii haitaki hesabu. Amri:

`tshark -r kata.pcap -Y "wlan.fc.type_subtype==0x0c || wlan.fc.type_subtype==0x0a" -T fields -e frame.time -e wlan.ta -e wlan.da -e wlan.fixed.reason_code -e wlan.seq -e radiotap.datarate -e radiotap.dbm_antsignal`

0x0c ni Deauthentication, 0x0a ni Disassociation. Usisahau hiyo ya pili, nayo inatoa watu vilevile. Kwa 5 GHz mbinu hii haifui dafu, kwa sababu huko ya chini kabisa ni 6 na kila mtu anaitumia.

#6 Kibo_Net
Shukrani. Bikoni ni 6 Mb/s, za kukata sababu 7 zote ni 1 Mb/s. Logi ya AP2 dakika hiyo iko kimya kabisa.

#7 Ngosha01
Si niliwaambia? Sasa angalia 5 GHz. ESP8266 haina 5 GHz. Kama walio kwenye 5 wanakaa salama, ni hiyo.

#8 mtu_wa_hertz
Mkuu Ngosha, hoja hiyo imechakaa. ESP8266 na ESP32 za kawaida ni 2.4 tu, kweli. Lakini moduli za BW16 zenye RTL8720DN zinafanya 2.4 na 5, na kazi hiyohiyo ya kukata watu zinaifanya. 5 GHz ikiguswa huwezi kusema si kifaa kidogo. Isipoguswa huwezi kusema ni ESP, maana huenda ni laptopu yenye adapta ya AR9271 ambayo nayo haina 5.

Namba ya sababu 7 nayo isikudanganye. Maana yake ni fremu ya daraja la tatu kutoka kwa kifaa ambacho hakijajiunga. Ndiyo aireplay-ng inayotumia usipoiambia vingine, lakini AP halali nayo huituma ikishawashwa upya: simu inaendelea kutuma data ikidhani bado imejiunga, AP haiijui, inaijibu kwa 7. Tofauti ni kwamba AP halali inamjibu huyo mmoja aliyetuma, haitangazii FF:FF:FF:FF:FF:FF, yaani wote.

#9 Kibo_Net
Ngoma inazidi kuwa ngumu. Nimeongeza adapta mbili nikakamata chaneli 1 na 11, na nikasoma logi za AP zote.

AP3, chaneli 11: sababu 7 kwa wote, 1 Mb/s, kama AP2.
AP4, chaneli 1: kwa wote lakini ni sababu 2, kasi 6 Mb/s, nguvu sawa na bikoni zake, mara chache tu kwa usiku.
AP1: hakuna kitu.
AP2 upande wa 5 GHz, chaneli 52: wateja wanatoka, hakuna fremu ya kukata hata moja, logi ina mstari wa DFS-RADAR-DETECTED freq=5260.

#10 FundiMnara
Hapo una magonjwa matatu kwenye kitanda kimoja.

AP4 inajizima na kuwaka. hostapd inapoanza hufuta wateja wa zamani kwa kutangaza fremu ya kukata kwa wote, na namba ya sababu inayotumia ni 2, kwamba uthibitisho wa awali haufai tena. Ili kuhakikisha, angalia muhuri wa muda ndani ya bikoni. Ni kihesabio cha biti 64 kinachopanda kwa mikrosekunde tangu redio iwashwe. Kikiwa kinasoma mabilioni, halafu baada ya ile sababu 2 kinasoma milioni chache, AP imezaliwa upya. Pima umeme wa PoE (unaopita ndani ya waya wa mtandao) mwisho wa waya ukiwa na mzigo, si mwanzoni. Waya mrefu wa alumini iliyopakwa shaba unakula volti, na saa za watu wengi redio inavuta zaidi. Na viunganishi, kama kimoja kimepata unyevu ndiyo hivyo.

Lakini muhuri huohuo ndio unaomuumbua AP pacha. Anayekopi jina na BSSID yako (anwani ya mtandao huo hewani) hawezi kirahisi kukopi muda wa redio yako, hivyo sensa inaona bikoni za jina moja zenye saa mbili tofauti zikipishana. Kismet, programu ya kusikiliza na kuchunguza Wi-Fi, ina tahadhari ya BSSTIMESTAMP kwa ajili hiyo. Ukiona muda unarudi sifuri mara moja na kuendelea, AP imewaka upya. Ukiona unaruka huku na huko, mko wawili.

#11 BintiPwani
Na ya chaneli 52 ni rada, au AP inadhani ni rada. Chaneli 52 hadi 144 lazima AP isikilize rada (DFS ndiyo hiyo) sekunde 60 kabla ya kutumia (120 hadi 128 kwa kanuni za Ulaya ni dakika 10), na ikisikia rada inahama, chaneli hiyo haiguswi dakika 30. Wakati wa kuhama inatangaza kubadili chaneli ndani ya bikoni. Simu isiyoelewa tangazo inabaki nyuma na kuonekana imekatwa. Hamishia 36 hadi 48 kwanza uone. Redio jirani yenye nguvu kubwa inaweza kuichanganya AP ikadhani ni rada, si lazima uwe karibu na uwanja wa ndege.

Kuna na upande mbaya wake: tangazo la kubadili chaneli linaweza kughushiwa, maana bikoni za kawaida hazina ulinzi. Simu inaamini, inahamia chaneli isiyo na mtu. Kwa hiyo mwenye kuchuja fremu za kukata peke yake, hilo linampita.

#12 Mzee wa Antena
Vijana, mnamtafuta mtoto wa hosteli na hamjatazama dirishani. Jirani ni nani? Kama kuna ofisi kubwa, hoteli au benki yenye kontrola ya AP nyingi, mifumo hiyo ina kazi ya kuzima AP isizozitambua. Inaghushi fremu za kukata kwa jina la AP yako, kwa wote na kwa mmoja mmoja. Fremu zake ukiziangalia hazina tofauti na za mhuni.

Haya si maneno ya vijiweni. Oktoba 2014 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliitoza Marriott dola 600,000 kwa sababu hoteli ya Gaylord Opryland, Nashville, ilikuwa inakata hotspoti binafsi za wageni kwa njia hiihii. Agosti 2015 Smart City, waliokuwa wakiuza Wi-Fi kwenye kumbi za mikutano, wakapigwa 750,000. Vifaa vilivyotumika vilikuwa halali kabisa, vya kulinda mtandao.

Chunguza kama jina la mtandao wako linafanana na la jirani. Kufanana jina ndiko kunakowasha kengele kwenye mifumo mingi.

#13 Ngosha01
Shikamoo mzee. Ila mfumo wa jirani usingelala mchana. Huyu anapigwa saa mbili hadi saa tano tu.

#14 Mzee wa Antena
Marahaba. Mfumo wa namna hiyo hauna haja ya kurusha fremu kama hakuna mteja wa kukata. Mchana wanafunzi wako madarasani, AP haina watu. Usiku wamejaa. Saa zako hizo zinamfaa mtoto wa hosteli na zinamfaa jirani pia.

#15 mtu_wa_hertz
Mzee ana hoja, ila 1 Mb/s ya Pakiti254 inanisumbua. Kuna AP nyingi za ofisini ambazo waliozifunga wamezima kasi za chini ili kubana matumizi ya hewa. Si sheria lakini inapunguza uwezekano.

Kibo_Net, jibu swali moja: kila mtandao kwenye AP moja una BSSID yake. Zinazokatwa ni BSSID za vocha tu, au na za ofisi?

#16 Pakiti254
Swali zuri, na nina sababu ya kulipenda. Mtandao wa vocha ulio wazi una pesa ndani. Mtu anasikiliza hewani, anaona MAC (anwani ya kifaa) ya mteja mwenye vocha hai, anamkata, anavaa MAC yake. Kwenye MikroTik kama umeacha `mac-cookie` kwenye `login-by`, anaingia bila hata kuona ukurasa wa vocha. Mwenye vocha akirudi wanagombana, wote wanakatikakatika.

Cha kuangalia: `/ip dhcp-server lease print`, jina la kifaa kwa MAC ileile likibadilika kutoka simu kwenda laptopu. `/interface bridge host print` ukirudia mara kadhaa, MAC moja ikihama mlango wa AP2 kwenda AP3 na kurudi kila sekunde chache. Na kwenye pcap (faili la fremu ulizokamata), MAC moja yenye nguvu mbili za mawimbi na mfuatano wa namba mbili. Ondoa `mac-cookie`, weka `shared-users=1`. Hiyo inazuia kuingia upya bila vocha, haizuii kupanda juu ya kipindi ambacho tayari kiko hai.

#17 FundiMnara
Mwizi wa vocha anakata wote wa nini? Anamtaka mmoja. Kumkata mmoja ni kimya zaidi na kunafanya kazi vizuri zaidi, maana kuna simu zinazopuuza fremu ya kukata iliyoelekezwa kwa wote.

#18 Pakiti254
Mwizi mvivu yupo pia, FundiMnara.

#19 Lulu_wa_Seva
Jamani mbona mnazunguka? 802.11w ipo tangu 2009. Washa ulinzi wa fremu za usimamizi, PMF, `option ieee80211w '2'`, mambo yaishe.

#20 BintiPwani
Lulu, PMF inahitaji funguo, na funguo zinatoka kwenye kupeana mikono kwa hatua nne, kati ya AP na simu inapojiunga. Mtandao wa vocha hauna nywila, hauna funguo, hauna cha kulindia. Ukiandika hiyo `2` kwenye mtandao wazi hujalinda kitu.

Njia ni mbili. Moja ni OWE: mtandao unabaki hauna nywila lakini kila simu inapata funguo zake, na PMF ni lazima. Kuna hali ya mpito ambapo simu za zamani zinabaki kwenye mtandao wazi. Hizo zitaendelea kukatwa. Ya pili ni kuweka nywila inayojulikana na wote, iliyobandikwa ukutani, halafu vocha ibaki palepale. Hapo chagua SAE ya WPA3, si PSK ya WPA2. Kwenye PSK mwenye nywila akikamata ile hatua nne ya mwenzake anazipata funguo zake, anaghushi fremu zilizolindwa. Kwenye SAE hawezi.

Hata hivyo ufunguo wa kulinda fremu za kutangaza kwa wote wanaushiriki wote waliomo ndani. Aliyeingia kihalali kwa vocha ya shilingi mia tano anao. Anaweza kutengeneza fremu ya kukata wote ikapita. Ni kazi ngumu kuliko kununua ESP, lakini si ukuta.

#21 mtu_wa_hertz
Kuongezea kwa wenye MikroTik kama AP: ile `management-protection` kwenye kifurushi cha zamani cha `wireless` ni ya kwao wenyewe, inaelewana RouterOS kwa RouterOS tu. Simu haiielewi. Ya 802.11w halisi iko kwenye kifurushi kipya cha `wifi`. Watu wameweka `required` wakashangaa simu zote zimekataa kujiunga.

Na PMF haizuii hewa kuzibwa. Fremu moja ya CTS (ya kuwaambia wengine wanyamaze) inaweza kuomba kimya cha mikrosekunde 32,767, yaani kwa hesabu ya karatasi fremu 31 kwa sekunde zinatosha kunyamazisha chaneli. Watafiti Bellardo na Savage waliijaribu 2003 wakakuta vifaa vingi haviheshimu hicho kimya ipasavyo, ndiyo maana huioni mara nyingi. Kelele tupu nayo haina fremu: `iw dev wlan0 survey dump`, ukiona muda wa chaneli kuwa na shughuli uko juu na pcap iko tupu, si fremu za kukata tena, ni mawimbi. Maikrowevu hufanya hivyo pia, ila inawaka na kuzima kwa mdundo wa umeme wa 50 Hz, milisekunde 10 ndani, 10 nje, na chakula kikiiva inaisha.

#22 FundiMnara
Kwa wanaotaka sensa ya kudumu, maana kukaa na laptopu usiku kucha si kazi.

Raspberry Pi 4, adapta tatu, Kismet. Adapta: AR9271 kwa 2.4, MT7612U ukitaka na 5, zote draiva ziko ndani ya Linux. Usizichomeke zote tatu kwenye Pi moja kwa moja, milango yake yote ya USB inagawana ampea 1.2; zikianza kusikiliza kwa pamoja moja inapotea na utadhani hewa imetulia. Tumia habu yenye umeme wake.

Kosa la wengi ni kuacha adapta moja iruke chaneli. Kismet inaruka 5 kwa sekunde, chaneli 13 ni zaidi ya sekunde mbili na nusu kwa mzunguko. Mkupuo wa fremu za kukata wa nusu sekunde unapita ukiwa chaneli nyingine. Kwa hiyo zima kuruka, moja ikae 1, moja 6, moja 11. Ukurasa wake uko mlango 2501. Tahadhari za kuangalia kwa kesi hii: DEAUTHFLOOD, BCASTDISCON, APSPOOF uliyoijazia BSSID zako halali, BSSTIMESTAMP, CHANCHANGE.

Sambamba weka rekodi ghafi, fremu za usimamizi tu, usibebe mazungumzo ya watu:

`tcpdump -i mon6 -s 256 -C 50 -W 20 -w kata6.pcap 'type mgt'`

Faili 20 za MB 50, ya zamani inaandikwa juu. Usichuje fremu za kukata peke yake, utakosa bikoni za kulinganishia, na bila bikoni namba 17 haina maana.

Na saa! Rauta nyingi za MikroTik hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinaamka mwaka 1970. Weka NTP (ya kusawazisha saa) kwenye rauta, AP na Pi, la sivyo kulinganisha pande mbili ni ndoto.

#23 BintiPwani
DEAUTHFLOOD inapiga kelele za uongo pia. AP ikimkata simu iliyokwisha kuondoka haipati jibu, inarudia fremu ileile mara kadhaa. Zina mfuatano uleule na biti ya kurudia imewashwa. Hizo ni fremu moja, zihesabu moja. Na ukiona MAC nyingi ngeni zinajiunga na kuondoka usiseme ni mafuriko: Android 10 na iOS 14 kuendelea hutumia MAC za kubuni. Utazijua, tarakimu ya pili ni 2, 6, A au E.

#24 Shemeji_Wifi
Samahani kutoka nje kidogo. Mimi ni wa nyumbani, WPA2, nywila ni namba ya simu. Hayo yananihusu?

#25 mtu_wa_hertz
Yanakuhusu vibaya zaidi. Tangu 2018 kuna njia ya PMKID: mtu anajiunga na AP yako, inampa ujumbe wa kwanza wa hatua nne wenye alama iliyotokana na nywila (PMKID), anaondoka. Hamkati mtu yeyote, hakuna kengele itakayolia. Ukibahatika logi itakuonyesha sababu 15, muda wa kupeana funguo umeisha. Akifika kwake anakisia nywila. 07 na tarakimu nane ni uwezekano milioni 100, kadi moja ya kisasa ya michezo hupita milioni moja kwa sekunde. Ni chini ya dakika mbili. Badili leo, na zima WPS (kujiunga kwa kitufe au PIN).

#26 Shemeji_Wifi
Nimebadili. Nimemwekea mke wangu maneno matano, kaninunia.

#27 Kibo_Net
Mrejesho.

AP4: muhuri wa bikoni unarudi sifuri kila mara. Waya umebadilishwa, jana haikuwaka upya. AP2 ya 5 GHz nimehamishia 40, mstari wa rada haujaonekana tena.

Sababu 7 zinaendelea. AP2 zinakatwa BSSID za vocha peke yake. AP3 zinakatwa zote mbili, vocha na ofisi. Upande wa 5 GHz hakuna fremu ya kughushi niliyoiona. MAC iliyovaliwa na vifaa viwili nimeipata moja, kupitia jedwali la daraja (lile la bridge host), lakini dakika zake haziendani na mikupuo ya kukata.

#28 Pakiti254
AP2 vocha tu: mwizi wa vocha. Nilisema.

#29 Mzee wa Antena
AP3 zote mbili: mfumo unaokata kila usichokijua. AP3 iko upande gani wa jengo?

#30 Kibo_Net
Upande wa barabara, mzee. Ng'ambo kuna jengo la ofisi.

#31 Ngosha01
Au vijana wawili wenye ESP mbili. Moja imechaguliwa jina, nyingine imebonyezwa "zote".

#32 FundiMnara
Kutafuta chanzo: usitumie wastani. Chukua fremu za sababu 7 peke yake, sensa tatu zisizohama, moja kila ghorofa, saa zao ziwe sawa. Linganisha dBm ya fremu ileile kwenye sensa tatu, unaitambua kwa mfuatano na muda. Mahali pa wazi umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza dB 6. Ndani ya jengo slabu moja ya zege inaweza kula zaidi ya hapo, kwa hiyo inakupa ghorofa, haikupi chumba. Kisha antena ya paneli yenye mwelekeo, adapta ifungwe chaneli 6, geuka polepole. Mikupuo ni mifupi, subiri kila upande mkupuo mmoja kamili kabla ya kugeuka.

Kwa AP3 kwanza kaa dirishani, halafu rudi ndani ya korido. Ikipanda dirishani kwa dB 10 na zaidi, mzee ana kesi.

#33 Lulu_wa_Seva
Mnahangaika. Mrushie naye za kukata, ataacha.

#34 mtu_wa_hertz
Unamrushia nani wakati anatumia MAC ya AP2? Utajikata mwenyewe. Na kwa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa Kenya ile ya 2018, kuvuruga mfumo ni kosa, hazikuulizi nani alianza.

#35 BintiPwani
Kibo_Net, jambo moja kabla hujapanda na antena. Fremu za AP2 na za AP3, mfuatano wake uko vipi? Za AP2 zinaanza 17, 18, 19. Kama za AP3 kwenye chaneli 11 zinaendelea 20, 21, 22 sekunde hiyohiyo, ni redio moja inayoruka chaneli. Kama kila moja ina hesabu yake, ni wawili. Bandika mistari kumi ya kila upande, yenye muda hadi milisekunde.

#36 Kibo_Net
Nitaipata usiku huu, dada. Pi iko kwenye habu yenye umeme, NTP nimeweka.

#37 Ngosha01
Nabaki na ESP zangu mbili. Mwenye kuweka dau aseme.